Sikio la Kufa na Sikio Lililo Hai: Safari ya Kuzijua Tando za Sikio la Ndani

Mwezi wa Ramadhan masikio yetu hufanya kazi mpaka saa ambazo miezi mingine huwa tumelala fofofo. Mpiga ngoma wa daku anapita uchochoroni saa tisa za usiku, wewe umejifunika shuka gubigubi, na bado wajua kuwa ile ni ngoma wala si mlango unaogongwa. Wajua kama yuaja au yuaenda zake. Pengine hata mpigaji wamjua kwa mkono wake. Sasa hebu tujiulize: sauti ile ilipofika ndani kabisa ya kichwa chako, ilikutana na nini?

Wengi wetu tulisomeshwa shuleni habari za ngoma ya sikio, kile kiwambo kinachotetemeka sauti ikifika. Tukachora mchoro, tukaandika nyundo, fuawe na kikuku, tukapata alama zetu, basi. Lakini ngoma ya sikio ni mlango tu. Nyuma yake, ndani ya mfupa ambao ni mgumu kuliko mifupa yote ya mwili, mna chumba kidogo kama punje ya mbaazi, na humo mna tando nyengine, nyembamba mno, ambazo ndizo zenye kazi ya kusikia hasa. Watu walizitafuta kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walichokuwa wakikitazama ni sikio la maiti. Kati ya sikio la maiti na la mtu aliye hai kuna tofauti kubwa, tofauti ambayo ilimponyoka hata mshindi wa Tuzo ya Nobel. Hiyo ndiyo hadithi ya makala haya.

HEWA ILIYOFUNGIWA

Wayunani wa kale walikuwa na hoja yao, na ukiisikia mara ya kwanza waiona ina akili. Sauti husafiri kwa hewa, kwa hivyo kiungo cha kuipokea nacho lazima kiwe na hewa. Aristotle aliandika kuwa ndani ya sikio mna hewa ya kuzaliwa nayo, imefungiwa humo, imetulia tuli, na sauti ya nje ikiigusa ndipo mtu husikia. Galen, tabibu wa karne ya pili, alieleza habari za neva inayotoka sikioni kwenda ubongoni, lakini maarifa yake mengi aliyapata kwa kupasua wanyama, si watu. Ile hewa iliyofungiwa ikabaki vitabuni.

Ibn Sina (980–1037) naye aliieleza sauti kuwa ni mawimbi ya hewa yanayofika mpaka kwenye neva ya kusikia. Katika al-Qanun fi al-Tibb, kile kitabu cha tatu kinachopanga maradhi kuanzia kichwani kushuka miguuni, masikio yana sehemu yao. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, kikasomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Lakini tusidanganyane. Ibn Sina hakuziona tando za ndani, wala hakuna aliyeweza kuziona sawasawa kabla ya hadubini. Tumezoea kwenye kurasa kama hizi kusema kila kitu kiligunduliwa na watu wetu. Heshima ya Ibn Sina haihitaji nyongeza hiyo.

Karne ya 16 Waitaliano walianza kuipasua miili ya watu kwa bidii. Gabriele Falloppio, katika kitabu chake cha 1561, alikielezea kile chumba kilichojizungusha, akakiita kwa Kilatini konokono, yaani koklea. Jina limedumu hadi leo. Mwenzake Bartolomeo Eustachi akaeleza mrija unaounganisha sikio na koo, ule unaofunguka ukimeza mate ndani ya ndege. Mwaka wa 1683 Mfaransa Guichard Joseph Du Verney akatoa kitabu kizima juu ya sikio, na humo akasema jambo ambalo lilitangulia wakati wake: kwamba sehemu mbalimbali za ule mzunguko hutikiswa na sauti mbalimbali, nzito mahali pake na nyembamba mahali pake. Alikosea pande tu. Aliweka sauti nzito penye mlango na nyembamba kwenye ncha, na mambo ni kinyume chake. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sahihi.

Ile hewa je? Ilikuwa bado imo! Mpaka miaka ya 1760, kijana wa Napoli aitwaye Domenico Cotugno, ambaye alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu, akasema wazi kuwa chumba hicho kimejaa maji pomoni, hakuna hewa. Kwa nini wengine hawakuyaona? Kwa sababu mfupa ukikaa, maji yake hukauka au humwagika wakati wa kuukata, na anayefungua hukuta tupu. Waliobaki na shaka walijibiwa mwaka wa 1777 na Mjerumani Philipp Friedrich Meckel kwa njia ambayo mimi huipenda kwa wepesi wake. Aliliacha sikio la maiti ligande kwa baridi ya majira yao, kisha akalivunja. Ndani akakuta barafu. Hewa haigandi ikawa barafu.

Maji yalileta swali jipya. Maji hayabanwi kama hewa, na yako ndani ya jiwe la mfupa. Kikuku kikiyasukuma, yataenda wapi? Antonio Scarpa, naye wa Italia, alikuwa amejibu mwaka wa 1772: kuna tundu la pili, dirisha la mviringo, nalo limezibwa kwa utando, kama ngoma ya pili. Kikuku kikiingia, utando ule hutoka. Bila kiwambo hicho cha kupumulia, ngoma ya daku ingefika kwenye maji na kukwama hapo. Mwaka wa 1789 Scarpa huyohuyo akaonyesha kuwa ndani ya mfupa mna mfuko wa utando, ambao nao una maji yake mbali. Maji mawili, basi, na ukuta wa ngozi katikati. Kumbuka habari hiyo ya maji mawili, tutairudia.

MWAKA WA 1851

Kuna miaka ambayo historia hulimbikiza mambo pamoja. Mwaka wa 1851 watu wawili ambao hawakuwa wakishirikiana walitoa kazi zao.

Wa kwanza ni Ernst Reissner, mzaliwa wa Riga, mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu, Estonia. Alikuwa akichunguza jinsi sikio linavyojiumba kwa vifaranga na wanyama ambao hawajazaliwa. Katika tasnifu yake alieleza utando mmoja uliopita kwa mshazari ndani ya koklea, mwembamba kiasi cha kuwa na tabaka mbili tu za seli. Ukiwa na hadubini mbaya hutauona. Leo waitwa utando wa Reissner.

Wa pili ni Alfonso Corti, mtoto wa ukoo wa kitajiri wa Italia ya kaskazini, ambaye alikwenda Würzburg, Ujerumani, kufanya kazi katika maabara ya Albert Kölliker. Corti alitumia rangi nyekundu ya karmini, inayotokana na wadudu, kuzitia seli ili zionekane. Alichokiona ni kwamba ndani ya mfuko ule, juu ya utando wa chini, mmepangwa seli zenye vinywele, safu kwa safu kama watu katika swala, na juu yao umelazwa utando mwengine laini kama jeli. Safu moja iko upande wa ndani na tatu upande wa nje. Kölliker alikipa kiungo hicho jina la kijana huyo. Mwaka huohuo babake Corti akafariki, kijana akarithi cheo cha ukoo, akarudi nyumbani kuangalia mashamba. Kazi yake ya sikio ikaishia hapo. Baadaye ugonjwa wa viungo ukamlemaza, na akafa mwaka wa 1876. Chapisho lile moja lilitosha kulifanya jina lake litajwe kila siku katika vyuo vya udaktari.

Ili tusipotee, msomaji wangu, hebu tuziweke tando hizo mahali pake. Koklea ni mfereji uliojizungusha mara mbili na nusu hivi. Ungeunyoosha, ungekuwa na urefu wa milimita 35 tu. Mfereji huo umegawanywa na tando mbili kuwa vijia vitatu. Ukuta wa juu ni ule wa Reissner. Sakafu ni utando wa chini, ambao wanasayansi huuita utando wa basila, na ndio uliobeba seli za Corti. Kijia cha katikati, baina ya ukuta na sakafu, kina maji yake pekee. Vijia viwili vya pembeni vina maji mengine. Kikuku kikigonga mlangoni, maji hutikisika, sakafu nayo hupanda na kushuka, vinywele vya seli hupindwa, na seli hupeleka habari kwa neva. Hayo ndiyo matembezi ya sauti ya ngoma ile.

KINANDA AU WIMBI?

Lakini sikio hujuaje sauti nzito na nyembamba? Hermann von Helmholtz, Mjerumani aliyekuwa tabibu na mwanafizikia kwa pamoja, alitoa kitabu kikubwa mwaka wa 1863 akasema sikio ni kama kinanda kilichofunguliwa. Ukiimba mbele yake, uzi unaolingana na sauti yako huitikia peke yake. Kwetu sisi wa pwani, mfano ulio karibu zaidi ni kanuni ya taarab, ile ala yenye nyuzi nyingi, fupi upande huu na ndefu upande ule. (Kanuni hii si ile ya Ibn Sina, ingawa neno ni lilelile.)

Mwanzoni Helmholtz alidhani nyuzi zenyewe ni vile vijiti alivyovieleza Corti. Ikaja kujulikana kuwa ndege hawana vijiti hivyo, na hakuna atakayesema kuwa ndege hawajui sauti! Ndipo Victor Hensen akapima akaona kuwa utando wa chini ni mwembamba karibu na mlango na huzidi kupanuka kuelekea kwenye ncha, na Helmholtz akahamishia nyuzi zake huko. Nadharia hiyo ilitawala kwa miaka mingi. Kasoro yake ni kwamba utando si nyuzi zilizotengana. Umeshikana, na uko ndani ya maji. Hakuna aliyekuwa ameuona ukitikisika.

Aliyeuona kwanza hakuwa daktari. Georg von Békésy alizaliwa Budapest mwaka wa 1899, akasomea fizikia, akaajiriwa na idara ya posta na simu ya Hungary. Vita vya kwanza vilikuwa vimeiacha nchi fukara, na maabara ya posta ilikuwa moja ya sehemu chache zenye vyombo. Kazi yake ilikuwa kuboresha simu. Akajiuliza swali la mtu wa simu: kuna haja gani ya kuifanya simu iwe bora kupita sikio linaloisikiliza? Sikio lenyewe uwezo wake ni upi? Basi akaanza kutafuta mifupa ya masikio ya maiti, akiitoboa kwa mashine za karakana. Mafundi wakawa wakikuta unga wa mifupa ya watu kwenye mashine yao asubuhi, na haukuwafurahisha.

Ustadi wake ulikuwa wa kustaajabisha. Alikata mfupa chini ya maji ili tando zisikauke. Kwa kuwa utando wa Reissner hauonekani kwa uangavu wake, alinyunyiza juu yake chembe ndogo ndogo za fedha. Kisha akapiga sauti na kumulika kwa taa inayowaka na kuzima upesi upesi, mpaka mtikisiko ukaonekana kana kwamba unakwenda polepole. Matokeo ya kwanza aliyachapisha mwaka wa 1928. Alichokiona hakikuwa kinanda. Kilikuwa wimbi. Shika ncha ya shuka, uitikise mara moja. Utaona mkunjo ukikimbia mpaka upande wa pili. Vivyo hivyo utando wa chini. Karibu na mlango ni mgumu, kwenye ncha ni laini, na ugumu hupungua karibu mara mia njiani. Sauti nyembamba, kama kilio cha mbu, huinua wimbi palepale mlangoni, nalo hufa. Sauti nzito, kama ngoma, husafiri mpaka karibu na ncha. Kila sauti ina mahali pake. Kumbe Du Verney alikuwa na haki, isipokuwa alishika ramani kichwa chini.

Békésy alihamia Sweden, kisha Marekani, na mwaka wa 1961 akapewa Tuzo ya Nobel. Ingekuwa hadithi nyengine, ingeishia hapo.

MLUZI

Tatizo lilikuwa hili. Wimbi la Békésy lilikuwa pana mno. Lilitikisa sehemu kubwa ya utando kwa wakati mmoja, na ilhali mtu mwenye sikio zima hutofautisha noti mbili zilizokaribiana sana. Tena ili kuliona, Békésy alilazimika kupiga sauti kali kupita kiasi cha kuumiza sikio. Wengi walisema tofauti hiyo lazima isahihishwe na ubongo. Wachache mno waliuliza swali la wazi: je, si masikio ya maiti haya?

Mmoja wao alikuwa kijana Thomas Gold, mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Uingereza. Wakati wa vita vya pili Waingereza walimfunga kwanza kwa kuwa alitoka nchi ya adui, kisha wakamchukua awafanyie kazi ya rada. Huko alijifunza mambo ya kukuza ishara hafifu za umeme. Mwaka wa 1948, akiwa Cambridge, aliandika kuwa hesabu hazikubali: kitu chembamba namna hii kikitikiswa ndani ya maji, msuguano wa maji utaumeza mtikisiko mara moja. Kama sikio husikia vile linavyosikia, basi lazima ndani yake mna kitu kinachoongeza nguvu. Sikio halipokei tu, lafanya kazi.

Akaongeza utabiri. Wajua kipaza sauti cha ukumbini kikikaribiana na spika huanza kupiga mluzi mkali, watu wote wakaziba masikio? Ni kwa sababu sauti inayotoka huingia tena, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia. Gold alisema: kama sikio lina kikuza sauti ndani yake, basi mara moja moja nalo litapiga mluzi, na mluzi huo waweza kunaswa kutoka nje. Alijaribu kuunasa, lakini vipaza sauti vya wakati huo havikuwa hodari vya kutosha. Wenye elimu ya masikio hawakumsikiliza, mamlaka yalikuwa ni Békésy. Gold akaondoka akaenda zake kwenye elimu ya nyota, na huko nako alijulikana.

Miaka 30 ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 William Rhode, Mmarekani, alipima utando wa chini wa kima wadogo waliokuwa hai, akakuta kuwa sauti ndogo huutikisa utando zaidi ya inavyotarajiwa, na kwamba kima akifa hali hiyo hutoweka. Mwaka wa 1978 David Kemp, akiwa katika hospitali ya masikio huko London, akaingiza kipaza sauti kidogo ndani ya tundu la sikio, akapiga kishindo kidogo, akasikiliza. Baada ya sehemu ndogo ya sekunde, sikio likajibu. Sauti dhaifu, lakini sauti, ikitoka ndani kuja nje. Katika masikio ya viziwi, kimya. Mluzi wa Gold ulikuwepo.

Nani aliyekuwa akiupiga? Zile safu tatu za nje alizoziona Corti. Mtu ana seli za ndani kama 3,500 katika kila sikio, na seli za nje kama 12,000. Kwa muda mrefu ilikuwa ajabu kuwa neva nyingi za kupeleka habari ubongoni hutoka kwenye safu moja ile ya ndani. Zile elfu kumi na mbili zilikuwa za nini? Mwaka wa 1985 William Brownell na wenzake walitangaza kuwa seli ya nje ikiguswa na umeme hujifupisha na kujirefusha. Yacheza! Seli hizo huusukuma utando wa chini kwa kufuata sauti yenyewe, maelfu ya mara kwa sekunde, na kuifanya sauti hafifu iwe kubwa mahali pake tu. Mwaka wa 2000 kikundi cha Peter Dallos kikaipata protini inayofanya kazi hiyo, wakaiita prestini. Maiti hana umeme wa kuiendesha. Ndiyo maana Békésy, kwa ustadi wake wote, hakuweza kuyaona hayo.

Na umeme huo watoka wapi? Sasa turudi kwenye maji mawili ya Scarpa. Maji ya vijia vya pembeni yana chumvi ya sodiamu. Maji ya kijia cha katikati yana potasiamu kwa wingi, na yana chaji ya umeme ya milivoti 80 hivi kuliko jirani yake. Ni betri. Utando wa Reissner, ule wa tabaka mbili za seli, ndio unaozuia maji hayo yasichanganyike. Aliyeipima betri hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 ni Békésy huyohuyo, kwa hivyo tusimwonee.

Utando huo ukifura, mambo huharibika. Prosper Ménière wa Paris alikuwa ameandika mwaka wa 1861 kuwa kuna watu wanaopatwa na kizunguzungu kikali, masikio yakavuma na kusikia kukapungua, na kwamba chanzo ni sikio la ndani wala si ubongo kama walivyodhani madaktari. Mwaka wa 1938 masikio ya wagonjwa waliokufa yalipopasuliwa London na Japani, utando wa Reissner ulikutwa umevimba kwa maji kama mfuko uliojazwa kupita kiasi. Kizunguzungu huja kwa sababu mifuko ya kupimia mizani ya mwili imeungana na koklea na maji yake ni hayohayo.

SELI ZISIZOMEA TENA

Wazee wetu wasema sikio la kufa halisikii dawa. Walikuwa wakisema juu ya watu wakaidi, lakini kwa seli za Corti ni kweli neno kwa neno. Binadamu huzaliwa na koklea iliyokwisha kufikia ukubwa wake wote, na seli zake zenye vinywele hazimei tena zikifa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilithibitishwa kuwa kuku na ndege wengine zao humea upya. Sisi na wanyonyeshao wenzetu, la.

Zinazokufa kwanza kwa kawaida ni zile za nje, zile zinazocheza. Waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wanakumbuka masikio yalivyovuma na dunia ilivyokuwa mbali: kwinini huzisumbua seli hizo, na mara nyingi zikapona dawa ikishatoka mwilini. Aspirini nyingi nayo huizuia prestini kwa muda. Streptomaisini, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumika miaka ya 1940, na ndugu zake, huziua kabisa kwa baadhi ya wagonjwa. Na kelele huziua pia, bila cheti cha daktari. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima anaweza kusikiliza kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipandisha mpaka 90, muda hushuka kuwa saa 4 kwa wiki. Jamani, saa 4 kwa wiki! Ukipanda matatu yenye muziki mzito asubuhi na jioni, huku vispika vimechomekwa masikioni kushindana nao, umezimaliza kabla ya Jumatano. Ripoti yao ya 2021 ilisema vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kwa namna wanavyosikiliza. Anayepoteza seli za mlangoni, za sauti nyembamba, haambiwi na mtu. Husikia sauti za watu, ila maneno hayashiki: "s" na "f" na "th" zimetoweka, naye hulaumu watu kuwa wananong'ona.

Jaribio la Kemp limekuwa kipimo cha watoto wachanga katika nchi nyingi. Kizibo kidogo huwekwa sikioni mtoto akiwa usingizini, kishindo hupigwa, na mashine husikiliza kama sikio litajibu. Mtoto wa siku mbili hawezi kuulizwa kama asikia. Sikio lake laweza. Likinyamaza, hupelekwa kwa vipimo vyengine, kwani akichelewa kugunduliwa, lugha nayo huchelewa.

Na kwa ambao seli zao zimekwisha, njia ilianza Paris mwaka wa 1957, André Djourno na Charles Eyriès walipompa kiziwi waya wa umeme ndani ya sikio akasikia vishindo. Mwaustralia Graeme Clark, ambaye babake alikuwa na maradhi ya kutosikia, alitaka maneno, si vishindo. Shida yake ilikuwa waya: auingize vipi ndani ya mfereji uliojizungusha bila kuzichana tando? Mwaka wa 1977 akiwa likizoni ufukweni aliokota kombe lililojizungusha na jani la nyasi, akalisukuma jani ndani. Jani lenye ncha laini na shina gumu liliingia likazunguka bila kukwama. Akatengeneza waya wake kwa mfano huo, na tarehe 1 Agosti 1978, mwaka uleule wa Kemp, mgonjwa wake wa kwanza alifanyiwa upasuaji Melbourne. Waya za leo huwa na vituo vya umeme baina ya 12 na 22 mahali pa seli elfu tatu na mia tano. Kituo cha mlangoni kikiwashwa, mgonjwa husema amesikia sauti nyembamba. Kikiwashwa cha ndani zaidi, husema ni nzito.